Simba Mwenda Pole na Ree Zake Mbili

Siku ile ya mashindano ya karata nilijiandaa kama msafiri wa basi la Kampala. Nilinunua bando la intaneti la saa ishirini na nne, nikaongeza tokeni za stima ili mita isije ikatuzimia taa katikati ya vita, na kule Shimanzi, hapa Mombasa, ninakotunza hesabu za ghala, niliomba ruhusa ya kuchelewa kufika asubuhi kwa sababu ya shughuli ya kifamilia. Mke wangu naye aliniwekea mezani themosi ya kahawa tungu, sahani ya mahamri kumi na mawili na bakuli kubwa la viazi karai. Hivyo viazi vilitokana na kutoelewana: nilipomweleza kwamba kila mchezaji huanza na chipu 1,500, yaani vile vidude vya kuwekea dau, yeye alisikia chipsi, akaona ni aibu nyumba yetu kuzidiwa na watu wa ng'ambo kwa jambo jepesi kama viazi.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya poka ya kwenye kompyuta, mtindo wa Texas Hold'em, na kiingilio kilikuwa bure. Hilo la bure nililirudia mara tatu mbele ya Ami, ndugu mdogo wa marehemu baba, ambaye alikataa kuvuka kizingiti cha chumba mpaka nilipomwapia kwamba hakuna hata senti moja iliyowekwa. Alipokwisha kuridhika alivua makubadhi, akavuta kiti karibu yangu kuliko nilivyopenda, akajimiminia kahawa.

Aliyenitia hamu ya mchezo huu ni Mmarekani aitwaye Chris Moneymaker. Mwaka 2003 mtu huyo alilipa dola 86 kuingia katika mashindano madogo ya mtandaoni, akayashinda, akapata nafasi ya kwenda Las Vegas kwenye mashindano makuu ya dunia, akawashinda watu 838 na kurudi kwao Tennessee na dola milioni 2.5. Jambo lililoniteka si fedha. Jambo lililoniteka ni kwamba alikuwa mhasibu. Mimi pia ni mhasibu. Mtu akishaona ulinganifu wa namna hiyo huacha kuuliza maswali mengine.

Kwa muda wa wiki sita nilikuwa nikicheza na kusubiri kitu kimoja tu, nacho ni jozi ya ree, yaani karata mbili za A. Katika mchezo huu kila mtu hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa wote: kwanza tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano. Kabla ya mezani kufunuliwa chochote, hakuna jozi inayoizidi ree mbili. Nilipiga hesabu kwa kalamu: karata 52 hutoa jozi 1,326 zinazowezekana, na kati ya hizo ni sita tu zilizo za ree, maana yake ni mara moja katika 221. Nilikuwa nimeshazipata mara chache, lakini kila mara usiku ukiwa mkubwa na chipu zangu zimebaki za kuhesabika kwa vidole. Ndoto yangu ilikuwa kuzipata mapema, nikiwa bado na nguvu zangu zote.

Ami hakuwa mgeni wa karata. Barazani kwetu Kibokoni hakuna anayetaka kukaa upande wa pili akicheza wahedi wa sitini, mchezo ambao jumla ya alama ni 120 na mwenye 61 ndiye mshindi. Humo ree ina alama 11, na inayoifuata ni saba, yenye alama 10, mbele hata ya mfalme. Nilimwonya kwamba katika poka saba ni karata ya kawaida tu, tena saba na mbili zikiwa za aina tofauti, tuseme moja kopa na nyingine pau, huhesabiwa kuwa ndizo karata mbaya kuliko zote za kuanzia. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kwamba Bara maji hupanda mlima.

Saa tatu kamili usiku mchezo ulianza. Karata za kwanza nilizitupa, na za pili pia nikazitupa. Mgao wa tatu ukaniletea ree ya shupaza na ree ya kopa.

Nilipiga kelele ambayo nadhani ilisikika hadi Makadara. Ami akanifunika mdomo kwa kiganja kinachonuka iliki.

Madau ya lazima, dogo na kubwa, ambayo wachezaji wawili hutoa kwa zamu katika kila mgao, wakati huo yalikuwa chipu 10 na 20. Kila mwalimu wa mchezo huu husema jambo moja: ukiwa na jozi kama hiyo, ongeza dau, hata kama ni mara tatu au nne ya lile la lazima, ili wenye karata za ovyo watoke na ubaki na mtu mmoja au wawili. Mimi nililijua hilo. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Usiwe na pupa, mwanangu," Ami akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba wale wa Ulaya wangetusikia. "Ukiongeza watakimbia. Simba mwenda pole ndiye mla nyama."

Nami, mtu niliyesoma, mwenye hesabu zangu kwenye daftari, nikaona maneno hayo yana busara. Nikafuata dau la 20 kimyakimya. Aliyenifuatia akafuata, na wa pili, na wa tatu. Mwenye dau dogo la lazima akajaliza. Mwenye dau kubwa, bwana mmoja aliyejiwekea picha ya paka, hakuhitaji kutoa chochote zaidi kwa sababu hakuna aliyeongeza, basi akaingia bila gharama. Tukawa sita.

Hapo ndipo hesabu iliponirudia kichwani. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda takriban mara 85 katika 100. Dhidi ya watu watano hushinda chini kidogo ya mara 50. Nilikuwa nimeandaa sinia moja la pilau, kisha nikapita mtaa mzima nikibisha hodi.

Mezani zikafunuliwa saba ya uru, mfalme wa shupaza na mbili ya pau. Nilifurahi, kwani zilionekana karata zisizo na umoja wala mshikamano wowote. Bwana Paka akaweka 60, na Ami akanifinya paja: "Mwache aingie ndani kabisa." Nikafuata tu. Wengine wote wakatupa karata zao, jambo ambalo Ami alilichukua kuwa ushahidi wa mbinu yake. Karata ya nne ilikuwa tisa. Bwana Paka akaweka 200, na mimi, nikiwa nimechoka kuwa simba, nikasukuma kati chipu zote 1,420 zilizosalia. Alikubali kabla sijaondoa kidole.

Akafunua saba na mbili: pamoja na zile za mezani, jozi mbili dhidi ya yangu moja.

Ya tano ilikuwa nne ya kopa, ambayo haikumsaidia mtu. Dirisha dogo likafunguka kunipongeza kwa kushiriki. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika nne.

Ami alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Saba. Si nilikwambia? Saba si karata ya kudharauliwa."

Tulikaa tukitazamana na sahani ya mahamri ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mlango wa kujiandikisha ulikuwa bado wazi, na kila aliyeingia alizidi kuisukuma chini nafasi yangu, hata nikawa ninashindwa upya kila dakika bila kucheza. Kutoka nje hatukuweza. Barazani wazee walikuwa wanasubiri habari, na mke wangu alikuwa amewatuma watoto walale kwa dada yake ili nisisumbuliwe.

Saa nne alibisha mlango na kuuliza tumefika wapi. Nilifungua kinywa bila kujua kitakachotoka, lakini Ami, ambaye hasemi uongo, akaniwahi: "Sasa hivi hatuna wasiwasi wowote, mwanangu."

Basi tukabaki kutazama. Aliyetolewa anaruhusiwa kuiangalia meza, na kwa kuwa chipu zangu zote zilikuwa kwa Bwana Paka, Ami aliamua kwamba jeshi letu limehamia kambi yake na kwamba ni wajibu wetu kuliombea. Tulimshangilia kwa kunong'ona. Kila alipoongeza dau Ami alimpa ushauri, na kila alipoupuuza alishinda. Viazi vikaisha saa tano, kahawa ikaisha saa sita.

Ilipofika saa saba na nusu Bwana Paka aliongeza dau kubwa, na meza nzima ikatupa karata. Hakulazimika kuonyesha alichonacho, lakini kwa kujigamba akazifunua: ree mbili. Alikuwa amevuna madau ya lazima tu, basi.

Ami akasonya, akachukua hamri la mwisho na kusimama kutafuta makubadhi yake.

"Huyu naye hajui kucheza," akasema. "Mtu ana ree mbili, anawafukuza wageni mlangoni?"