Nimepaliwa, bata mzinga akawa ananiitikia

Najua wengi mmeshaiona ile klipu yangu ya kukohoa porini maana shemeji yangu hana breki. Tumetoka porini mchana, usiku kaitupia kwenye grupu la Wabongo wa huku Missouri, kufika asubuhi mama yangu mzazi ananipigia toka Singida ananiuliza pumu imenianza lini. Sina pumu. Na wale mnaosema nililia, yale yalikuwa machozi ya kupaliwa, muulizeni daktari yeyote atawaambia ni vitu viwili tofauti.

Sasa tulieni niwape kisa chenyewe maana klipu imeanzia katikati, na makusudi kabisa.

Kazini kuna mzee mmoja Mzungu, mwenyeji wa hukuhuku, mie namwita Mzee na ameshazoea. Kila Aprili habari yake ni moja tu, mabata mzinga ya porini. Msimu huo wanaruhusu kupiga wale wenye ndevu tu, na ndevu zenyewe ziko kifuani, zinaning'inia hivi. Nikasema aah, mtoto wa Singida mimi, nimekimbizana na kuku toka sijui kuvaa viatu, bata mzinga si kuku tu aliyepewa mwili? Nikafanya ile kozi yao ya usalama, nikakata kibali, nikaazimwa shotigani, afu nikaingia YouTube na hapo ndo nikaharibikiwa.

Kumbe hawa jamaa wana hesabu ya kumpa bata pointi. Lile shirikisho lao, National Wild Turkey Federation, wanachukua uzito kwa paundi, wanajumlisha urefu wa ndevu kwa inchi mara mbili, halafu ile miiba ya miguuni, ile ya jogoo, mara kumi. Nikakaa na kalamu. Paundi 24, ndevu inchi 11, miiba inchi moja na robo kila mguu, jumla pointi 71. Yaani bata mwenyewe bado yuko porini analala zake juu ya mti na mimi nimeshachagua ukuta wa kutundika mkia. Nikamwambia Mzee chini ya pointi 70 mimi sipigi. Akanitazamaaa, akasema we njoo kwanza usikie. Na tepu nilibeba, ya fundi, ile ya chuma.

Siku yenyewe shemeji akaomba kuja kuangalia. Kushuka kwenye gari gizani, Mzee akammulika tochi akakuta jamaa kavaa jezi nyekundu ya Simba. Akamwambia vua hiyo haraka. Ikabidi nitafsiri, kwamba kichwa cha dume kina nyekundu, nyeupe na bluu, kwa hiyo ukivaa rangi hizo vichakani mwindaji mwenzio anaweza kukudhania ndo bata mwenyewe akakulipua. Jamani mimi ni Mwananchi, mtu wa Yanga, kijani na njano, nilitafsiri ile sentensi taratibu sana na nikairudia. Shemeji akapewa koti la mabaka mabaka la Mzee, sote watatu sasa tumevaa mavazi ambayo nyumbani ukikatiza nayo mtaani wajeda wanakurusha kichura mpaka jua linazama.

Tukaegemea miti. Giza, baridi, kimya. Mzee akaniambia kwa kunong'ona kwamba alivyokuwa mdogo hawa ndege walikuwa wameisha karibu kote Missouri, wakawa wanakamatwa wazima kwa nyavu kwenye misitu michache walikobaki, wanahamishiwa kwingine, uwindaji ukafunguliwa tena 1960. Baba yake ameishi shambani miaka yote ile bila kusikia dume likilia. Nikamuuliza lakubwa kabisa alilowahi kupiga lilikuwa na pointi ngapi. Hakujibu. Akaweka mikono mdomoni akalia sauti ya bundi.

Juu ya mti mbele yetu kikajibu kitu, GOLGOLGOLGOL! Shemeji akanishika paja. Sasa hapa sikilizeni vizuri maana ndo panapokuja kuniua: msimu huu dume likishtuliwa na kelele kali yoyote linajibu. Bundi, kunguru, radi, mlango wa gari, linajibu tu, haliwezi kujizuia.

Kulipopambazuka wakaja watatu, vijana, ndevu zao za form two, mkia manyoya ya kati yamezidi ya pembeni, hiyo ndo alama ya kwamba bado mdogo. Wakasogea mpaka kwenye jike letu la plastiki, lile la kuwavutia madume, wanalishangaa. Mzee akaninong'oneza, yule wa kushoto, nyama safi. Nikatikisa kichwa. Shemeji naye, "Shem piga bwana tukale." Nikatikisa kichwa tena, pointi hazifiki. Wakaondoka zao. Mdomoni muda wote huo nina kile kifilimbi chao, nusu mwezi ya mpira unaibana kwenye kaakaa unapuliza inatoka sauti ya jike. Nilijifunzia bafuni mpaka mke wangu akatishia kuhama.

Nikapuliza kidogo. Likatokea.

Wadau, lile si bata lile ni mheshimiwa. Limetokea pembeni ya vichaka, mkia wote umefunguka, mabawa yanaburuza chini, kichwa kinabadilika rangi huku unakitazama. Linapiga hatua mbili linasimama. Hatua mbili linasimama. Na kuna mngurumo linautoa mdogomdogo, husikii kwa masikio, unausikia hapa kifuani. Ndevu zinagusa nyasi. Nikaanza hesabu. Sitini na nane, sabini, hii ni sabini na tatu hii! Mguu wa kulia umekufa ganzi zamani. Hatua hamsini. Mzee kasema lifike thelathini. Mate sasa, kile kifilimbi kinajaza mate, na siwezi kutema kwa sababu hawa ndege macho yao Mungu anajua, ukipepesa wamekuona. Hatua arobaini. Mate yamefika kwenye meno. Nikasema nameza. Nameza kidogo tu.

Kifilimbi kikaenda na mate.

Hakikushuka, kikakaa pale kooni katikati. Nikakohoa, na kwa kuwa ni filimbi, kikohozi kikatoka na sauti. Dume likajibu GOLGOLGOLGOL! Nikakohoa tena, likajibu. Nahisi mkono wa Mzee unaitoa bunduki magotini kwangu taratibu, kwa heshima zote. Kohooo! GOLGOLGOL! Macho yamenitoka, nimeinuka, mguu wenye ganzi ukakataa, nikaenda chini mzimamzima kwa kifua, nikaliangukia jike la plastiki nikalikumbatia, na lile dume, jamani, lile dume bado linajibu! Nafikiri lilidhani namchukua mwanamke wake. Mzee ananipiga mgongoni, mimi nakohoa, bata anaitikia, na wa nne, kaka yake mke wangu, damu ya watoto wangu ile, KASHIKA SIMU.

Kifilimbi kikachomoka kikanasa kwenye ndevu za Mzee. Dume likatutazama sekunde moja hivi. Hata kuruka halikuruka, lilitimua mbio.

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Akasema yale aliyoyapima ameshayasahau, hili halisahau. Mimi nilinuna, lakini sitawadanganya, ule mngurumo wa kifuani nimelala nao usiku, na Jumatatu nimemuuliza Mzee tunarudi lini kabla hata sijamsalimia.

Mengine ni mafupi. Hatukupata kitu, saa saba mchana muda wa kuwinda ukaisha pale tulipokuwa, tukarudi. Kwenye gari Mzee akakumbuka kuniambia kuna kupe wa huku ana doa jeupe mgongoni, akikuuma unaweza kupata aleji ya nyama nyekundu, ng'ombe, mbuzi, basi tena. Mke wangu kanikagua na tochi kakuta mmoja kiunoni, doa lipo. Bado sijaonja nyama, naogopa. Jumamosi kuna mbuzi kwa mtu hapa na shemeji ameshampigia mwenye shughuli kwamba mimi niwekewe paja la bata mzinga la supamaketi. Nitakuja, ila yule wa kwanza kunipokea mlangoni na golgolgol nageuza gari, na soda za watu ziko kwenye buti langu.