Mwenyekiti Atachinjwa Ijumaa

Mimi naishi London. Nikiwaambia hivyo watu wa mbali huwa nanyamaza kidogo wapate kunionea gere, ndipo naongeza: London ya Nakuru, upande wa Menengai, ambako makanga huita "London, London!" na hakuna abiria anayeulizwa viza. Nadhani ni mtaa huo ulioniponza nikawa katibu wa chama. "Huyu anatoka London," alisema Mwenyekiti siku ya uchaguzi, "Kiingereza hakitamshinda." Watu wakacheka, wakapiga makofi, nami mjinga nikasimama nikainamisha kichwa kama mgombea aliyepita.

Chama chetu kina watu 22: wauza mboga, vijana wa boda, fundi viatu mmoja, na Mwalimu, aliyefundisha Kiingereza miaka 34, akastaafu, ila Kiingereza chake kikakataa kustaafu naye. Kila wiki tunachanga, na ikifika Desemba tunachinja ng'ombe tugawane kwa kilo. Mwaka jana tulinunua fahali mapema, mwezi wa Agosti, mbavu tupu, bei ya huruma. Akapelekwa kwa Mwenyekiti, kule Bahati, kwenye napia, yale majani ya ng'ombe, anenepe.

Akanenepa kweli. Na Mwenyekiti naye (nasema kwa heshima, ni mzee wangu) si mtu wa kukaa watatu kiti cha nyuma. Likumbuke hilo, ndilo lililoharibu kila kitu.

Wiki ya Krismasi akanipigia simu. "Katibu, andika tangazo la Ijumaa. Liwe la Kiingereza. La Kiswahili watu huona ni utani."

Nikakaa chini. Kichwani tangazo lilikuwa safi kabisa, kwa Kiswahili. Nikaligeuza neno baada ya neno, nikalitia kwenye kundi la WhatsApp:

"The bull is with our chairman, who is now very fat and will be slaughtered on Friday at 6 a.m. Having eaten napier grass for four months, members will enjoy his meat. Those who want the head should book early."

Nikajimiminia chai. Nilikuwa nimeridhika, siwafichi.

Wa kwanza kujibu alikuwa fundi viatu: "Poleni sana familia." Kijana mmoja wa boda akauliza kama saa 12 asubuhi si mapema mno, maana mzee huchelewa kuamka. Mweka hazina, mama ninayemheshimu sana, akaandika: "Mimi niwekeeni miguu, ya supu." Nikadhani wamechangamkia sikukuu tu. Sikujua kwamba tangazo lilikuwa limeshapanda basi, limepita Kericho, limepita Kisumu, limefika Kakamega kwa dadake Mwenyekiti.

Simu ikalia. "Nyinyi watu wa Nakuru, kaka yangu amewakosea nini?"

"Hajakosea kitu, mama. Aliyenona ni ng'ombe."

Kimya. Kisha: "Umemwita kaka yangu nani?"

Jioni Mwalimu akaniita kwake. Alikuwa amelinakili tangazo langu kwenye karatasi, kwa wino mweusi, ili apate kulisahihisha kwa wino mwekundu. Kuna watu wana mapenzi na kazi yao.

"'Who' ni ya watu," akasema. "Mnyama na kitu hupewa 'which'. Na maneno haya ni kama kupe, hushika ngozi iliyo karibu. Wewe umemtupa kupe kando ya Mwenyekiti, unategemea amfuate ng'ombe Bahati?"

Nikajitetea. Nikamwambia fahali wetu ana jina, tunamwita Waziri, na anaheshimika kuliko baadhi ya wanachama. Mwalimu akavua miwani, akaipangusa. Akakiri kwamba mnyama mwenye jina, hasa wa kufugwa kwa mapenzi, Kiingereza humruhusu "who". Nikaanza kutabasamu.

"Lakini jina hukuliandika. Umeandika 'chairman'. Haya, napia imeliwa na nani?"

"Waziri."

"Soma."

Nikasoma. Nikasoma tena polepole. Sentensi inaanza na kula napia, mlaji hatajwi, na mtu wa kwanza kutokea baada ya koma ni "members".

"Kwa hiyo mimi," akasema Mwalimu, "na nywele zangu hizi nyeupe, nimekula napia miezi 4, sasa niko tayari kumla Mwenyekiti."

Mkewe aliyekuwa akileta mandazi alilazimika kurudi jikoni.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilifika nyumbani nikiwa bado nina joto la elimu, nikatuma tangazo la pili, fupi, la kutuliza watu. Kwanza nikaeleza kwamba Mwenyekiti ni mzima na ataendelea kuwa mzima baada ya Ijumaa. Kisha, kwa kuwa kuna watatu walikuwa na deni, nikaongeza: "Members, who have not paid, will get no meat." Safari hii "who" ilikuwa mahali pake kabisa, karibu na watu, kupe juu ya ngozi. Zile koma mbili nilizitia kwa sababu maandishi ya wasomi huwa na koma.

Asubuhi mweka hazina alikuta wanawake wanane mbele ya kibanda chake, kila mmoja na risiti mkononi. Hakuna aliyekuja kununua sukuma. Walitaka kujua pesa zao zilikwenda wapi. Yule mama alinipigia akalia, halafu akanitusi, halafu akalia tena. Mwalimu hakuniita. Alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika 6, ambao kiini chake ni hiki: bila koma, nilikuwa nawasema wale tu ambao hawajalipa. Kwa koma mbili, nimesema wanachama wote hawajalipa, yeye akiwemo, na kwamba hilo la kutolipa nimelitaja kama habari ya kando tu, inayojulikana na kila mtu mjini.

Koma mbili! Shilingi haikupotea hata moja, na chama nusura kivunjike.

Ijumaa Waziri alichinjwa saa 12 kamili, mkaguzi wa nyama akapiga muhuri. Mwenyekiti alikawia ndani ya nyumba hadi visu vyote vilipooshwa, akatokea saa 3, amevaa koti jekundu ambalo halikosewi hata kwa mbali. Mimi nilipewa kazi ya kuosha matumbo. Sikuuliza kwa nini.

Tukiwa bado tunapima kilo ikapitishwa, kwa mikono yote, kwamba kuanzia dakika ile matangazo ya chama ni kwa Kiswahili. Nilikuwa wa kwanza kuinua mkono, matumbo na yote. Kiswahili kina ngeli, jamani! Gari la mzee ambalo limeharibika ni gari, wala hakuna atakayempeleka mzee gereji. Kila neno lina alama yake sikioni kama mbuzi wa sokoni. Nikanawa, nikatoa simu, nikaandika tangazo langu la kwanza la lugha yangu mwenyewe, bila koma hata moja:

"Ngozi ya fahali wa mwenyekiti aliyechinjwa leo asubuhi inauzwa. Anayeitaka amwone mkewe."

Nikalisoma mara mbili. Safi. Nikatuma.

Simu haikufika mfukoni kabla haijaanza kulia. Ilikuwa namba ya Kakamega.