Juliet wa Miaka 45: Sifa na Deni la Margot Fonteyn

Tarehe 9 Februari 1965, katika jumba la Covent Garden jijini London, watazamaji waliwarudisha jukwaani mcheza baleti Mwingereza Margot Fonteyn na mwenzake kutoka Urusi, Rudolf Nureyev, mara 43 baada ya onyesho la kwanza la baleti ya Romeo na Juliet ambayo hatua zake za dansi zilitungwa na Kenneth MacMillan. Juliet wa Shakespeare hajatimiza miaka 14. Fonteyn alikuwa na miaka 45.

Wanaomtetea dhidi ya lawama kwamba alikuwa mzee mno kwa nafasi hiyo wana hoja nzito. Nureyev alipowatoroka walinzi wake wa Kisovieti mjini Paris mwaka 1961, wengi walidhani Fonteyn alikuwa anaelekea kustaafu, lakini walipocheza pamoja baleti ya Giselle mwezi Februari 1962, yeye akiwa na miaka 42 na mwenzake 23, alionekana kama aliyezaliwa upya. Isitoshe, mumewe, Roberto Arias, alipigwa risasi huko Panama mwaka 1964 akapooza, na gharama za kumuuguza zilitoka kwenye miguu ya mkewe. Kumwambia mtu wa namna hiyo apumzike ni rahisi kwa asiyelipa bili.

Hata hivyo, MacMillan hakuwa amemtungia yeye nafasi ile. Alimtungia Lynn Seymour, kijana kutoka Kanada, pamoja na Christopher Gable. Katika tendo la tatu, Juliet huketi ukingoni mwa kitanda, macho mbele, bila kupiga hatua hata moja, huku muziki wa Prokofiev ukipanda hadi kilele; ni ujasiri wa kutocheza kabisa, uliotokana na tabia ya Seymour mwenyewe jukwaani. Uongozi ulimpa Fonteyn usiku wa kwanza kwa sababu Sol Hurok, mwandaaji wa ziara ya Marekani, alitaka majina yanayouza tiketi. Mwaka 1966 MacMillan alihamia Berlin kuongoza kundi la baleti, akamchukua Seymour. Gable naye, baada ya muda, aliiacha baleti akawa mwigizaji.

Kwa maoni yangu, kosa halikuwa umri. Mwaka 1963 mtunzi mwingine wa dansi, Frederick Ashton, alimtungia Fonteyn baleti ya Marguerite and Armand, kisa cha mwanamke mgonjwa anayependwa na kijana, na humo ukomavu wake ulikuwa ndio kiini cha kazi yenyewe. Hadi mwaka 2000, Sylvie Guillem alipoicheza, hakuna mwingine aliyekuwa amekabidhiwa nafasi hiyo. Tofauti ya kazi hizi mbili ni kwamba moja ilikuwa yake na nyingine alipewa ya mwenzake, na walioamua hivyo walikaa ofisini. (Ni kweli pia kwamba Fonteyn angeweza kukataa, jambo ambalo mashabiki wake hulipita haraka.)

Filamu ya baleti hiyo ilitoka mwaka 1966 ikiwa na Fonteyn na Nureyev. Mwanafunzi anayeitazama leo akimtafuta Juliet wa kwanza huhesabu kuwa amempata.