Kompyuta Yagoma, Mjomba Achekelea

Katika kibanda changu cha kuchapa na kutoa fotokopi, hapa Birere mjini Goma, kompyuta ya mezani iliamua kugoma asubuhi ambayo orodha ya mahari ya binti wa jirani ilikuwa imo ndani yake, haijachapishwa. Nikibonyeza swichi, taa inawaka na feni inavuma, kisha ghafla kila kitu kinazimika. Shangazi wa bibi harusi alishika kichwa. Mjomba wa bwana harusi, aliyetumwa kuichukua orodha hiyo, alishika rozari, wala sidhani kama aliiombea mashine ipone.

Kila mpita njia akageuka fundi. Mmoja alisema ni virusi. Mwingine alilaumu vumbi la volkano, jambo ambalo huwezi kulipinga katika mtaa uliojengwa upya juu ya lava ya mwaka 2002. Fundi mwenyewe alipofika aliifungua, akapuliza, akasugua kadi ya kumbukumbu, yaani RAM, kwa kifutio, akabadilisha betri ndogo ya CR2032, hatimaye akaipakia kwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, hadi karakana yake. Huko alichomoa nyaya za swichi ya mbele, akagusanisha pini mbili za bodi kuu kwa ncha ya bisibisi, na mashine ikawaka bila kinyongo. Akapokea dola zake. Tuliporudi kibandani akarudisha nyaya, nikabonyeza, ikazimika vilevile.

"Basi umeme wako ndio mgonjwa, baba," akasema, huku akifunga mkoba.

Mama mdogo, anayeuza maharagwe mlangoni pangu, muda wote alikuwa akitazama kidole changu.

"Hicho kidude mbona kinarudi taratibu kama mzee anayeinuka kitini?"

Kweli, swichi ilikuwa ikizama na kukawia ndani. Na ikishikiliwa kwa sekunde 4 hivi, kompyuta huelewa kuwa imeamriwa izimwe kwa nguvu. Mama mdogo alipitisha kijiti cha meno pembezoni mwake, kikatoka na utando wa manjano unaonata, wenye mbegu moja nyeusi: juisi ya marakuja ya mjukuu wa shangazi, aliyekuwa akicheza pale jana yake tulipokuwa tukichapa.

Mashine ikawaka, orodha ikatoka: ng'ombe, mbuzi, vitenge, suti ya baba mkwe. Mjomba alisoma hadi ukurasa wa pili, akatoka kimya, akarudi na chupa mpya ya juisi, akampa mtoto na kumsogezea kiti karibu na kompyuta.