Kama bendera zingalichelewa

Juni 5, 1963, jijini Nairobi, Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote walitoa tamko la pamoja: kabla mwaka haujaisha, Kenya, Tanganyika na Uganda zingekuwa shirikisho la kisiasa. Mwaka ukaisha. Desemba ilileta bendera ya Zanzibar na ya Kenya, shirikisho halikuonekana. Kila Jumuiya ya Afrika Mashariki inapokwama, mjadala hurudi palepale: ingalikuwaje lau wazee wale wangalitimiza neno lao?

Naona tunaulizia mwaka usio wenyewe. Mwaka 1963 mlango ulikuwa umesharudishwa nusu. Ulikuwa wazi Juni 1960, Nyerere aliposema mjini Addis Ababa kwamba Tanganyika iko tayari kuuchelewesha uhuru wake ili nchi hizi ziupate pamoja, zikiwa dola moja. Alijua kwamba mtu akishakalia kiti cha urais, akawa na wimbo wa taifa na nafasi Umoja wa Mataifa, kumwomba avirudishe ni kazi nyingine kabisa.

Tatizo ni kwamba alibisha hodi wakati wenye nyumba hawapo. Kenyatta alikuwa bado kizuizini Lodwar, kaskazini mwa Kenya. Hakuachiliwa hadi Agosti 1961. Uganda nako ufalme wa Buganda ulikuwa ukivuta kwake, na mwisho wa 1960 Lukiiko, bunge la ufalme huo, likatangaza kwamba Buganda inajitenga. Nani angalimjibu Nyerere, na kwa mamlaka gani? Wanaomlaumu Kenyatta au Obote peke yao kwa kuua shirikisho huliruka jambo hili.

Tuseme hata hivyo lingalisimama. Msingi haukuwa mchanga mtupu: shilingi ilikuwa moja, reli moja, posta moja. Lakini mimi nadhani tofauti kubwa isingalikuwa kwenye uchumi, ingalikuwa jeshini.

Mtazame Idi Amin. Januari 25, 1971, Obote akiwa Singapore, kuushika mji wa Kampala na uwanja wa Entebbe kulitosha kuinyakua nchi nzima. Ndani ya shirikisho, Kampala ingalikuwa makao makuu ya jimbo tu. Mapinduzi ya jimbo hayampi mtu dola, wala hayampi ubavu wa kuivamia Kagera miaka saba baadaye. Hoja hii inanivutia, nakiri. Ila ina upande wa pili usiopendeza. Januari 1964, ndani ya siku tano, wanajeshi waliasi katika kambi ya Colito jijini Dar es Salaam, kisha Jinja nchini Uganda, kisha Lanet nchini Kenya, na serikali zote tatu zikaomba askari wa Uingereza kuja kuzima maasi. Majeshi yote yalizaliwa na mama mmoja, King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na manung'uniko yalishabihiana: mishahara na maofisa wa Kizungu. Shirikisho la wiki chache, lenye jeshi moja, lingaliweza kuanguka kwa pigo moja. Na Amin mwenyewe, aliyekwisha kutumika Kenya wakati wa vita vya Mau Mau, angalikuwa na ngazi ndefu zaidi ya kupanda.

Zanzibar ni habari nyingine. Muungano wa Aprili 26, 1964 uliunganisha nchi mbili, kubwa na ndogo, na hadi leo tunabishana iwe serikali mbili au tatu. Visiwa vingaliingia kama jimbo la nne kati ya manne, vikiwa na serikali yao kama wenzao, swali hilo lisingalizaliwa. Labda yangalizaliwa mengine.

Wenye shaka wana mifano mingi. Shirikisho la Mali, la Senegal na Mali ya leo, lilivunjika Agosti 1960, miezi miwili tu baada ya kupata uhuru. Lile la West Indies, visiwa vya Karibiani, lilikufa 1962. Singapore ilitoka Malaysia 1965.

Kuna gharama ambayo sisi Watanzania hatuitaji. Kwa umri na heshima, kiti kikuu kingalimwangukia Kenyatta. Nyerere angalikuwa makamu, au waziri, au kiongozi wa jimbo. Februari 6, 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, mabenki yalitaifishwa. Kiongozi wa jimbo hataifishi mabenki ya shirikisho, na Nairobi iliyokuwa imeshaandika mwaka 1965 sera yake ya kukumbatia mtaji binafsi isingalimpa ruhusa. Miaka ile ya Tanzania na Kenya kurushiana maneno kama "manyang'au" kuvuka mpaka wa Namanga ingalihamia ndani ya bunge moja. Nina rafiki anayelilia shirikisho la 1963 na Azimio la 1967 katika sentensi moja. Nimemsihi mara nyingi achague, hataki.