Kilimanjaro Yako Imekuwa Kichuguu

Huu ushauri kwamba lenzi ya mandhari lazima iwe pana (yenye milimita chache, inayochukua eneo kubwa) umeharibu picha nyingi za milima kuliko mawingu. Chukua hifadhi ya Amboseli, Kenya, pale Ol Tukai. Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, iko umbali wa kama kilomita 45, na ncha yake ya mita 5,895 inasimama takriban mita 4,700 juu ya mbuga. Yaani kimo cha mlima ni kama sehemu moja ya kumi ya umbali wake. Zidisha hiyo kwa urefu wa fokasi, yaani zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi: lenzi ya milimita 24 inauchora mlima wa milimita 2.5 kwenye sensa (kibamba kinachopokea picha ndani ya kamera) yenye kimo cha milimita 24. Kichuguu hicho, na juu yake anga tupu. Milimita 100 inaupa karibu nusu ya picha. 200 inaupandisha hadi karibu na ukingo wa juu.

(Hesabu hii ni ya sensa ya milimita 36 kwa 24. Kwenye sensa ndogo zaidi, zile za kamera nyingi za bei nafuu, zidisha milimita za lenzi kwa 1.5, au 1.6 kwa Canon: 70 inafanya kazi ya 105 au 112.)

Ila usikimbilie dukani. Uwiano wa mgunga ulio mbele na mlima ulio nyuma yake hauamuliwi na lenzi, unaamuliwa na mahali uliposimama. Mgunga wa mita 10 ulio mita 100 kutoka kwako unalingana kimo na Kibo, kwa lenzi yoyote ile. Rudi hadi mita 200, mti unakuwa nusu ya mlima. Hapo ndipo unachagua milimita za kukata fremu. Anayezungusha zumu akiwa palepale anaikata picha ileile tu. Na kwa kuwa hifadhini huruhusiwi kushuka ovyo, kazi ya miguu ni ya dereva: "Kaka, rudi nyuma kidogo. Tena kidogo."

Lenzi ndefu ina adhabu zake. Ukiwa f/8 (f ni kipimo cha kitundu cha lenzi: namba kubwa, kitundu kidogo), milimita 24 iliyolengwa mita 2.5 inakupa ukali kuanzia mita 1.2 hadi upeo wa macho. Milimita 200 lazima uilenge mita 167, na chochote kilicho karibu kuliko mita 83 kinafifia. Nyasi za kando ya gari zisahau. Kubana hadi f/22 hakusaidii sana, kwani mwanga ukipita kwenye kitundu chembamba hutawanyika na picha nzima inalegea, ishia f/11. Jua likishapanda, joto la ardhini linauchezesha mlima kama uko ndani ya maji, na hakuna tripodi inayotibu hilo. Wahi alfajiri. Zima injini, egemeza lenzi kwenye mfuko wa mchele dirishani.

Lenzi pana ina mahali pake: ufukwe wa Jambiani, Zanzibar, maji yakikupwa, mikunjo ya mchanga mita moja mbele yako, milimita 20, kamera chini ya kiuno. Kama hakuna cha kuonyesha ndani ya mita mbili, ibaki begini. Filta ya polaraiza (kioo cha kukoleza rangi ya anga) pia ivue, la sivyo anga litatoka na baka jeusi katikati.

Kujifunza ni bure. Kamera kuu ya simu nyingi ni sawa na milimita 24 hadi 26. Zumu mara mbili ni kama 50, mara nne ni kama 100. Tafuta fremu kwa simu kwanza, soma namba, ndipo ufungue begi.