Vyeti vya ubobezi katika tiba ya upumuaji Marekani: vinamfaa nani?

Katika hospitali za Marekani, anayerekebisha mashine ya kupumulia ya mgonjwa mahututi saa nane za usiku mara nyingi si daktari. Ni mtaalamu wa tiba ya upumuaji, fani iliyopata chama chake cha kwanza Chicago mwaka 1947. Kuingia kwenye fani hiyo kuna utaratibu unaoeleweka. Unasoma angalau miaka miwili, unafanya mtihani wa bodi ya kitaifa, NBRC, kisha unaomba leseni ya jimbo. Majimbo yote yanadai leseni isipokuwa Alaska.

Mtihani huo wa kwanza una alama mbili za kufaulu. Ukifikia ya chini unapata cheti cha CRT. Ukifikia ya juu unaruhusiwa kufanya mtihani wa pili, ambako unaletewa wagonjwa wa kubuni na kuamua hatua kwa hatua utawafanyia nini. Ukiupita huo unakuwa RRT, yaani mwenye cheti cha juu. Zamani kuwa RRT ilikuwa sifa ya ziada. Tangu mwaka 2015 California haimpi leseni mpya mtu asiye RRT, na hospitali nyingi kubwa zilikuwa zimekwisha kuweka sharti hilo zenyewe. Hapo hakuna tena cha kubishania.

Ubishi upo kwenye vyeti vinavyofuata: NPS kwa watoto wachanga na wadogo, ACCS kwa watu wazima mahututi, SDS kwa matatizo ya usingizi, CPFT na RPFT kwa upimaji wa mapafu, na AE-C kwa wanaofundisha wagonjwa wa pumu. Je, inafaa kutumia fedha na miezi ya kusoma usiku kuvipata, ilhali mshahara mara nyingi hausogei, au unasogea kwa senti chache kwa saa?

Wanaovipinga wana hoja nzito, na mzizi wake ni namna hospitali zinavyolipwa. Bima ya serikali ya wazee, Medicare, huilipa hospitali kiasi kilichopangwa kulingana na ugonjwa wa aliyelazwa. Mtaalamu wa upumuaji hatoi ankara yake mwenyewe. Awe na cheti kimoja au vinne, hospitali inapokea fedha zile zile. Mhasibu akiangalia idara hiyo anaona gharama tu, na cheti kipya hakibadilishi hesabu yake hata kidogo. Isitoshe, vyeti vya bodi vilivyopatikana tangu Julai 2002 si vya maisha. Vinahuishwa kila baada ya miaka mitano, na kuhuisha nako kuna ada.

Hoja yao ya pili naiona kali zaidi. Kazi inayotamaniwa kuliko zote kando ya kitanda ni ya ECMO, mashine inayotoa damu mwilini, kuitia oksijeni na kuirudisha. Wanaoisimamia kwa kawaida hufundishwa na hospitali zenyewe, baada ya kuteuliwa na wakubwa waliowaona wakifanya kazi. NPS au ACCS inaweza kukutaja mapema kwenye orodha, lakini kinachokuteua ni jinsi ulivyojibeba usiku mgonjwa alipoharibikiwa.

Lakini vyeti hivi havifanani, na kosa la mjadala huu ni kuvitia kapu moja. Ili kufanya mtihani wa ACCS ni lazima uwe RRT na uwe umefanya kazi mwaka mzima na watu wazima mahututi. Kwa NPS, ukiwa RRT tu unatosha. Mhitimu wa mwezi uliopita, ambaye hajawahi kumshika mtoto njiti nje ya mafunzo, anaweza kukipata kwa vitabu. Wakongwe wa wodi za watoto wachanga huguna wakilisikia hilo, na wana haki ya kuguna: mapafu ya mtoto wa gramu 600 hayajifunzwi kwa karatasi.

Pamoja na hayo, nikimtazama mhitimu huyo mwenyewe, sioni mlango mwingine alioachiwa. Wodi ya watoto wachanga inataka mwenye uzoefu, na uzoefu unapatikana humo humo wodini. NPS inamwezesha kumwonyesha meneja kwamba ameshajua kinachotofautisha mashine ya mtoto na ya mtu mzima, na kwamba hatahitaji kufundishwa kuanzia sifuri. Kwa hiyo cheti chenye masharti mepesi ndicho chenye faida kubwa kwa anayeanza, na chenye masharti magumu kinakuja wakati mtaalamu ameshajulikana kazini. Hali hiyo si ya haki sana, ila ndiyo iliyopo.

Nje ya wodi mambo ni mepesi. Anayetaka maabara ya usingizi au ya kupima mapafu atahitaji cheti husika, kwa kuwa huko ndicho kinachoangaliwa kwanza.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba ngazi ya kupanda katika fani hii ni fupi. Mwezi Mei 2023 mshahara wa kati wa fani hii ulikuwa dola 77,960 kwa mwaka. Muuguzi aliyesomea hadi kuruhusiwa kuchunguza na kutibu wagonjwa (nurse practitioner) alikuwa kwenye 126,260. Hakuna mchanganyiko wa vyeti vya NBRC unaoziba pengo hilo, maana yule muuguzi hakuongeza cheti juu ya kazi ile ile. Aliongeza shahada ya juu na leseni inayomruhusu kufanya kazi nyingine. Ohio State University imeanzisha shahada ya uzamili ya kumpeleka mtaalamu wa upumuaji kwenye ngazi kama hiyo, lakini jimbo lisipomtambua mhitimu kwa sheria, atarudi kwenye majukumu yale yale.

Kwa hiyo mwenye diploma ya miaka miwili anayetamani uongozi au ualimu, naona fedha zake aziweke kwenye shahada kwanza. Anayetaka kubaki na wagonjwa achukue cheti cha wodi anayoitaka, kimoja, na kabla ya kulipa ada amuulize meneja mambo matatu: je, kimetajwa kwenye ngazi za mishahara za hospitali hiyo, je, ada ya mtihani inarudishwa, na nani atalipa kukihuisha.